Mchanga wa Shela peke yake hautoshi

Kocha wa mpira hapa Lamu akitaka kuwatia vijana wake nguvu, jambo la kwanza ni kuwapeleka Shela wakakimbie mchangani. Sisi tulilelewa hivyo, na waliotufundisha walilelewa hivyo. Miaka yote niliyofundisha vijana sijayaacha mazoezi hayo, wala sitaki mwenzangu ayaache. Ninachosema, na nakisema kwa uchungu kwa sababu nimeona vipaji vingi vikiishia nje ya uwanja na paja limefungwa bandeji, ni kwamba mchanga unamchosha mchezaji kuliko unavyomjenga. Kijana akirudi nyumbani hoi, yeye na kocha wake huridhika kwamba kazi imefanyika. Lakini misuli huongezeka nguvu pale inapopewa mzigo mzito kuliko ule iliouzoea, kisha ikapewa muda wa kupumzika. Mchanga wa wiki hii ni ule ule wa wiki iliyopita na wa mwaka jana.

Mchanga wenyewe unastahili haki yake. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walipima nishati anayotumia mtu akikimbia mchangani, wakaona ni mara 1.6 ya ile anayotumia akikimbia mahali pagumu. Kwa hiyo kijana anayetoka Shela akifuata bahari kuelekea Kipungani kweli anafanya kazi kubwa ya moyo na mapafu. Shida iko kwenye unyayo. Ukikanyaga ardhi ngumu, kano ya kisigino huvutika kama mpira wa manati, halafu ikarudi na kukurusha mbele. Mchangani mguu unazama na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inapotea kabla haijakufaa. Mwaka 2008 Franco Impellizzeri na wenzake walichapisha utafiti wa wachezaji mpira waliofanya mazoezi ya kuruka kwa wiki 4, kundi moja mchangani na jingine kwenye nyasi. Kasi ya mbio fupi iliongezeka kwa wote. Wa mchangani waliumwa misuli kidogo kuliko wenzao. Wa nyasini walipata faida kubwa zaidi katika ule mruko wa kujikunja haraka na kuchomoka, ambao ndio mruko wa kuwania mpira wa kichwa.

Utafiti huo umenipa utaratibu ninaoufuata mpaka leo. Mwanzo wa maandalizi, na kwa mchezaji anayerudi baada ya kuumia, tunaruka mchangani. Ligi ikikaribia tunahamia uwanjani kwenye ardhi ngumu, na idadi ya miruko naipunguza kwa sababu sasa kila mruko unagonga zaidi magoti na vifundo.

Sasa tuje kwenye uzito. Mwaka 2004 Ulrik Wisløff na wenzake waliwapima wachezaji wa Rosenborg ya Norway. Waliobeba uzito mkubwa zaidi wakichutama ndio waliokuwa na mwendo mkali zaidi wa mita 10 na mita 30, na ndio walioruka juu zaidi. Uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba uzito ndio ulioleta kasi. Lakini kuna tafiti nyingine ambazo watu walifundishwa kwanza, kisha wakapimwa tena. Mwaka 1999 kundi la Leena Paavolainen huko Finland liliwachukua wakimbiaji wa masafa, likawatolea takriban theluthi moja ya muda wao wa mazoezi na kuweka badala yake miruko, mbio fupi na uzito unaonyanyuliwa kwa kasi. Baada ya wiki 9 muda wao wa kilomita 5 ulishuka, ingawa uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni haukupanda. Kilichobadilika ni namna miguu ilivyotumia nguvu. Tena mwaka 2008 huko Norway, Øyvind Støren alionyesha kwamba wakimbiaji waliochutama na uzito mzito, seti 4 za marudio 4, mara 3 kwa wiki kwa wiki 8, walitumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 5 kwenye mwendo ule ule. Uzito wa miili yao haukuongezeka. Jambo hili la mwisho naliweka wazi kwa sababu barobaro wetu wengi huogopa kwamba wakinyanyua vitu watanenepa misuli na kuwa wazito uwanjani. Seti chache za uzito mkubwa, pamoja na mbio anazokimbia mchezaji kila wiki, hazimnenepeshi.

"Sasa mwalimu, jimu tutaitoa wapi?" Swali hili naulizwa kila mara, na jibu langu ni lile lile: anzeni na gunia. Gunia tupu la mchele la kilo 25, la plastiki iliyofumwa, ukilijaza mchanga linakuwa zito kuliko lilipokuwa na mchele. Lipeleke kwa mwenye duka akupimie kwenye mizani, uandike kilo zake kwa kalamu ya wino mzito juu yake. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20, ukijaa mchanga mkavu unapita kilo 30. Ukiwa na magunia ya uzito mbalimbali na mitungi kadhaa, timu nzima ina vyombo. Mchanga uchukueni pale chini maji yanapofika. Msiguse vilima vya Shela. Maji matamu ya mji wetu yanatoka chini ya vilima hivyo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linafanyika kwenye baraza. Mchezaji anaipa baraza mgongo, anaweka mguu mmoja juu yake nyuma yake, gunia limekumbatiwa kifuani, kisha anachutama kwa mguu wa mbele mpaka goti la nyuma likaribie sakafu. Faida yake kubwa ni kwamba mguu mmoja unabeba karibu mwili wote, kwa hiyo gunia la kilo 20 linatosha kumtoa jasho mtu ambaye kwa miguu miwili angelibeba bila kuhisi kitu. Hili lina maana kubwa kwetu tusio na vyuma. Uchambuzi wa Brad Schoenfeld na wenzake wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa kukuza misuli, uzito mwepesi unaofanywa mpaka karibu na kushindwa unafanya kazi sawa na uzito mkubwa. Kwa kuongeza nguvu yenyewe, uzito mkubwa ndio unaoshinda. Sasa kama huwezi kupata chuma cha kilo 100, mpe mguu mmoja kazi ya miguu miwili.

Pamoja na hilo tunafanya zoezi la kuinama kutoka nyongani, gunia mkononi na mgongo umenyooka, pushapu, na kujiinua kwa vidole vya mguu mmoja kwenye ngazi. Marudio 5 hadi 8, seti 3, mapumziko ya dakika 2 au 3 katikati. Vijana hawapendi mapumziko hayo, wanaona wanapoteza muda. Nawalazimisha wakae kwenye kivuli wanywe maji, kwa sababu akianza seti ya pili akiwa anahema, atabeba kidogo na zoezi litageuka kuwa mbio kwa jina jingine.

Halafu kuna daftari. Kila mchezaji wangu ana ukurasa wake: tarehe, zoezi, kilo, marudio. Akifikisha marudio 8 kwa seti zote 3 bila mwili kuyumba, wiki inayofuata tunamwongezea mchanga kilo 2. Wazo hili si geni. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliwatibu askari walioumia magoti katika hospitali ya kijeshi mjini Chicago wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliachana na mazoezi mepesi ya marudio mengi, akawapa uzito mkubwa unaopanda hatua kwa hatua, na mwaka 1945 akachapisha matokeo yake. Timu nyingi za kwetu zina mazoezi mazuri, ila hakuna anayeandika, kwa hiyo hakuna anayejua kama kijana amepanda au amesimama pale pale tangu Januari.

Ukiniambia nichague zoezi moja tu la kumwachia kila kocha wa pwani hii, sitachagua la kuongeza kasi. Nitachagua la kuzuia kuchanika kwa msuli wa nyuma ya paja, jeraha linalowatoa wachezaji wetu wenye mbio msimu baada ya msimu. Linaitwa zoezi la Nordiki. Kijana anapiga magoti juu ya mkeka, mwenzake anamshikilia vifundo vya miguu kwa nguvu, naye anajiachia mbele polepole, kiwiliwili kimenyooka kuanzia goti hadi kichwa, akizuia kwa nyuma ya mapaja mpaka ashindwe na kujipokea kwa mikono. Halihitaji hata gunia. Mwaka 2011 Jesper Petersen na wenzake walilijaribu huko Denmark kwa timu 50 zenye wachezaji 942. Waliolifanya walipata majeraha 15 ya msuli huo. Wasiolifanya walipata 52. Mwaka 2019 Nicol van Dyk na wenzake walijumlisha tafiti 15, wakaona programu zenye zoezi hili zinapunguza jeraha hilo kwa takriban nusu.

Ushauri wangu ni kuanza pole. Wiki ya kwanza siku moja tu, seti 2 za marudio 5. Lifanyeni mwisho wa mazoezi, tena kamwe isiwe siku moja kabla ya mechi, maana maumivu ya misuli siku ya pili yake ni makali kwa asiyezoea. Nimewaona makocha wakilitupa zoezi hili kwa sababu walianza na marudio 30, vijana wakashindwa kupanda ngazi kesho yake.

Kujinyoosha kabla ya mechi nitakupitisha haraka. Kushikilia msuli umevutika kwa zaidi ya dakika moja kabla tu ya kucheza hupunguza nguvu kwa muda. Na uchambuzi wa Jeppe Lauersen wa mwaka 2014, wa majaribio 25 na washiriki zaidi ya 26,000, haukuona kwamba kujinyoosha kunazuia majeraha, ilhali mazoezi ya nguvu yaliyashusha hadi chini ya theluthi moja. Mnaotaka pasha-mwili iliyopangwa tumieni FIFA 11+, inachukua dakika 20 hivi. Ilijaribiwa Norway kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatoka mwaka 2008: majeraha kwa jumla yalipungua karibu theluthi moja, na yale makubwa karibu nusu. Nawasihi wanaofundisha timu za wasichana walizingatie hili. Goti la msichana liko kwenye hatari zaidi ya kukatika ligamenti, na kama hapana uwanja wenye faragha, ua wa nyumba unatosha kabisa.

Mama wa kijana mmoja alinisimamisha njiani karibu na Mkunguni. "Mwalimu, hayo magunia hayatamdumaza mwanangu? Bado hajakamilika."

"La, mama, hayamdumazi. Nipo naye kila akinyanyua, na nikiona mgongo umepinda namtua mzigo."

Namwelewa, kwa sababu hofu hiyo iko kila mahali. Mwaka 2014 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja katika jarida la British Journal of Sports Medicine: mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa na mtu anayejua hayazuii ukuaji wa mtoto, na yanampunguzia majeraha. Sharti ni usimamizi. Kijana wa miaka 13 aachwe na gunia la kilo 40 pamoja na wenzake wanaoshindana, hapo mama ana haki ya kuogopa.

Kuna jambo ambalo tafiti za Ulaya haziwezi kukufundisha kuhusu Lamu. Mchezaji wangu mmoja hodari hupakua saruji gatini. Mfuko mmoja ni kilo 50, anaubeba begani kutoka kwenye jahazi, mfuko baada ya mfuko, kwenye jua. Jioni anakuja mazoezini. Ukimpa programu sawa na mwanafunzi aliyekaa darasani, unamvunja. Hapa mimi hutumia njia ya Carl Foster wa Marekani: baada ya kila kazi namwuliza ilikuwa ngumu kiasi gani kutoka 0 hadi 10, nazidisha na dakika. Saa moja ya mazoezi yenye ugumu wa 7 ni 420. Naye namhesabia gati pia. Siku ya saruji nyingi hafanyi gunia, anafanya Nordiki kidogo na kazi ya mpira, kisha anakwenda kulala. Kubeba saruji kumempa mgongo wa chuma, lakini ni kazi ya polepole. Anachohitaji kutoka kwangu ni miruko michache ya kasi akiwa mzima, siku asiyokwenda kazini.

Na Ramadhani. Timu nyingi huacha kabisa mazoezi ya nguvu mwezi mzima, na Shawwal vijana wanarudi wamelegea. Si lazima. Bent Rønnestad aliwafuatilia wachezaji wa kulipwa wa Norway katika msimu, matokeo yakatoka mwaka 2011: waliofanya zoezi la nguvu mara 1 kwa wiki walidumisha nguvu na kasi waliyoijenga, waliofanya mara 1 kwa wiki mbili walipungukiwa. Kwa hiyo mwezi wa mfungo tunakutana mara moja kwa wiki baada ya tarawehe, tumbo likiwa limeshatulia na maji yameshanywewa, na hatuchukui zaidi ya nusu saa. Seti nazipunguza ziwe 2, kilo zinabaki zile zile za kwenye daftari. Anayesema kichwa kinamzunguka anakaa, hakuna mjadala. Wiki ya kwanza baada ya Idi, aliyehudhuria anaendelea na gunia lake; ambaye hakuja namtolea kilo 5, tunapanda tena polepole.