Muulize Fundi: Seva inajizima usiku, kdump haishiki

SWALI: Fundi mambo vipi, naangalia seva ya duka moja la jumla la dagaa hapa Mwaloni Kirumba, ina Ubuntu na ramu GB 16, usiku inajizima inajiwasha yenyewe asubuhi bosi ananigeukia mimi. Nimeinstoo kdump (zana ya kurekodi kilichotokea mfumo ukianguka) inipe ushahidi, inasema hakuna memori iliyotengwa. Jamaa kaniambia nitenge GB 4 yaishe. Ni sawa? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: GB 4 hapana kaka, huyo anakupotezea ramu bure, maana kipande ukishakitenga programu zako hazikioni tena, piga free -m utaona jumla imepungua. Kazi ya hicho kipande ni kwamba keneli kubwa (kiini cha mfumo wa Ubuntu) ikianguka kuna keneli ndogo inaamkia humo humo bila kugusa memori ya ile iliyoanguka, inasoma yote inaandika kwenye /var/crash, sasa hiyo nafasi lazima ishikwe mashine inapowaka, ndo maana kuinstoo tu bila kuriboot hakusaidii.

Riboot kwanza, halafu cat /proc/cmdline. Kama hamna neno crashkernel (ndo linalotenga hiyo memori) fungua /etc/default/grub.d/kdump-tools.cfg, weka crashkernel=512M, kisha sudo update-grub, riboot tena. Ukisoma /sys/kernel/kexec_crash_size ikatoa sifuri bado hujatenga kitu. Kwa GB 16 hiyo 512 kwa kawaida inatosha, usibane ukaweka 64, keneli ndogo nayo itaishiwa memori ife hapo hapo, unabaki na mizoga miwili.

Jaribu usiku duka limefungwa, ukiwa root (msimamizi mkuu wa mashine): sync ili data iandikwe kwenye diski, halafu echo c > /proc/sysrq-trigger. Inaangusha mashine papo hapo kwa hiyo usithubutu wakati watu wanapakia magunia.

Ila mi nashuku umeme. Angalia /proc/sys/kernel/panic, ikiwa 0 na kdump haijashika, keneli ikianguka mashine kawaida inabaki imeganda, haijiwashi. Inayojiwasha yenyewe usiku mi ningeanza na UPS (betri ya akiba) na pawasaplai, na umeme ukikatika kdump haiandiki chochote hata utenge ngapi.

Ukipata faili, nitumie lile dogo la dmesg (ujumbe wa keneli) tu, lile kubwa linaweza kuwa na mpaka paswedi za bosi wako.