Kutupa laini tu hakutamficha huyo binti
Umeuliza kama msomaji wa hadithi yako ataamini binti wa miaka 16 akivunja laini na kuitupa baharini kwenye pantoni la Kigamboni, serikali isimfuatilie. Msomaji wa Dar atakushika hapo hapo. Simu yenyewe ina IMEI, namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15 (piga *#06# uzione, simu ya laini mbili inazo mbili), na mnara unaisoma hata akichomeka laini mpya.

Na hiyo mpya ataitoa wapi? Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hicho ni cha kuanzia miaka 18. Ya kwake basi ina jina la mama. Hapo ndipo penye utamu: anayeitwa kituoni ni mama, tena hajui lolote.

Bora simu aiache nyumbani ikiwaka; akiizima, saa na mnara wa mwisho vinabaki kwenye kumbukumbu. Wakili wake naye asitamke tu "Ibara ya 16" ya Katiba, ile ya haki ya faragha. Ibara ndogo ya pili inaruhusu sheria iweke utaratibu wa kuingilia faragha, na mwendesha mashtaka ataikimbilia hiyo.