Swali la lugha: "Alijisikia mpweke" ni Kiswahili cha wapi?

Msomaji wa Morogoro anayeandika hadithi yake ya kwanza anauliza: "Mhusika wangu amefiwa na mkewe. Nimeandika, 'Juma alijisikia mpweke sana na alikuwa na maumivu makali ya kihisia.' Mwalimu wangu anasema sentensi haina uhai. Je, niandike 'alihisi upweke'? Na waandishi wakubwa huonyeshaje maumivu ya moyo?"

Mwalimu wako amesema kweli. Nami nakushukuru kwa kuuliza, maana hilo "alijisikia" limenichosha. Nalikuta kwenye riwaya, kwenye hadithi za magazetini, kwenye michezo ya redio na kwenye maneno yanayopita chini ya filamu zilizotafsiriwa. Siku hizi kila mhusika anajisikia. Anajisikia mpweke, anajisikia mnyonge, anajisikia kukataliwa, anajisikia kama hana thamani. Ukurasa mzima watu wanajisikia tu, na msomaji hasikii chochote.

Tuanzie mtaani. Ukisema Dar es Salaam kwamba "yule jamaa anajisikia sana", hakuna atakayemhurumia. Umesema anaringa. Sentensi yako basi, kabla haijalifikia neno "mpweke", imeshamsimamisha mbele yetu mgane mwenye maringo. Msomaji atasahihisha kichwani mwake na kuendelea, lakini umemkwaza pale ambapo ulitaka ahuzunike.

Hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba "kujisikia" kunageuza mpango wa lugha yenyewe. Katika Kiswahili maumivu ndiyo yanayotenda, na mtu ndiye anayetendwa. Kichwa kinaniuma. Njaa inaniuma. Homa imempanda. Hofu imemwingia. Haya zimemshika. Majonzi yamemjaa. Uchungu umemkaba kooni hata maneno hayatoki. Hakuna hata moja hapo ambapo mtu anaanzisha jambo. Jambo limemjia, limemkuta alipo, naye hana la kufanya. Sasa leta "alijisikia". Mtu amekuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja, amekaa anajikagua. Aliyefiwa na mkewe hana nafasi ya kujikagua.

Wapo watakaonijibu kwamba tunasema "nasikia baridi" na "nasikia njaa". Ndiyo, na pia "naona haya" na "naona uchungu". Huo ni usemi mzuri wa zamani, wala sina ugomvi nao. Hapo kuna kitu kinachosikika: baridi, njaa, uchungu. Usemi unaoniudhi ni huo wa "-ji-", uliokiondoa kitu na kumwacha mtu peke yake na nafsi yake.

Sasa mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1858, mshairi Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa na alikuwa na binti wa kumwachia wasia. Utendi wake unaanza kwa kumwita binti huyo akae karibu, kisha anasema:

"Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia."

Soma ubeti huu polepole, neno kwa neno, kwa sababu somo lote la swali lako limo ndani yake. "Maradhi yamenishika." Mtenda ni maradhi. Mwana Kupona ni ule "-ni-" mdogo katikati ya kitenzi, ameshikwa huku na huku na viambishi kama alivyoshikwa na ugonjwa. "Hatta yametimu mwaka." Hapa pia ni maradhi yaliyotimiza mwaka, si yeye. Mwaka ule ulikuwa wa ugonjwa, yeye alikuwa ndani yake tu. Kisha mistari miwili inayofuata, ambayo watu huipita haraka ili wafike kwenye mawaidha. Hasemi alikuwa mpweke. Hasemi aliumia rohoni. Anasema kilichomshinda: mwaka mzima hakupata kumwambia mwanawe neno jema. Upweke wote wa mgonjwa umo humo, nao umepimwa kwa kitu ambacho mama alitaka kufanya asiweze. Tena analeta "sikupata", si "sikutaka" wala "sikusema", maana nafasi haikuwapo.

Mwandishi wa leo angeandika, "Nimekuwa nikijisikia mgonjwa na mpweke kwa kipindi cha mwaka mmoja." Maana ni ileile, mtu atasema. Si ileile. Katika sentensi hii binti hayupo, na bila binti hakuna aliyekosa kuambiwa neno.

Nitaje na Shaaban Robert, kwa kuwa shairi lake la kumlilia mkewe wengi tulikaririshwa shuleni: "Amina umejitenga, kufa umetangulia, kama ua umefunga, baada ya kuchanua." Mgane ni yeye. Aliyebaki peke yake ni yeye. Lakini anayesemwa kuwa amejitenga ni Amina. Ile "-ji-" ninayoilaumu hapa inafanya kazi kubwa, kwa sababu ameiweka kwa marehemu. Ni kama anamlaumu, na lawama hiyo ndiyo mapenzi. Mistari hiyo miwili haina neno "huzuni" wala haina neno "mimi". Mgane wako wa Morogoro angeweza kujifunza kwake kumsemesha mkewe badala ya kutueleza hali yake mwenyewe.

Na Fumo Liyongo, yule shujaa wa masimulizi ya pwani, akiwa gerezani? Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo amefungwa pingu, siku zake za kuuawa zinakaribia, na chakula kizuri anachopelekewa na mamaye askari wanakila. Haketi kutuambia jinsi anavyojisikia. Anamtuma kijakazi Saada amwambie mama aoke mkate wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka, ule ambao askari watauacha, na ndani yake atie tupa ya kukatia pingu. Kwa ombi hilo tunajua kila kitu kuhusu upweke wake: anayemwamini ni nani, anayemfikia ni nani, na ni chakula gani tu kinachoweza kuvuka mlango ule.

"Maumivu ya kihisia" nitayamaliza kwa ufupi. Ni usemi wa ripoti, ubaki huko. Lugha yako ina "uchungu", na neno hilo limebeba ladha ya shubiri, limebeba kinachompata mama anapojifungua, limebeba kilio cha msiba. Kuliacha neno lenye uzito huo ukachukua maneno matatu yasiyo na mwili ni kujinyima bure. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake mwaka 1974 aliiita Kichomi, kwa jina la yale maumivu yanayochoma ubavuni mtu akivuta pumzi. Kila msomaji alijua mahali yanapochoma.

Kuhusu "upweke" wenyewe, angalia kama ndilo neno unalolitaka. Upweke ni kuwa mmoja, na mtu anaweza kuupenda. Mtawa anautafuta, na mvuvi akiwa baharini usiku anao bila kuulalamikia. Aliyefiwa ana kitu kingine, nacho kina jina: ukiwa. Ukiwa ni utupu unaobaki baada ya waliokuwapo kuondoka, na neno lilelile linasemwa kwa mtu na kwa mahali. Maombolezo ya Yeremia katika Biblia ya Kiswahili yanaanza hivyo: "Jinsi mji huu ukaavyo ukiwa, huo uliokuwa umejaa watu." Na Al-Inkishafi, ule utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unauonyesha ukiwa wa majumba ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, bila kuhuzunika kwa sauti: madaka, vile vishubaka vya ukutani, yaliyopangwa sahani sasa yamelaliwa na makinda ya ndege, na bundi wanakoroma ndani ya nyumba. "Mpweke" hana mji uliobomoka nyuma yake. "Mkiwa" anao. Inaniuma kuona vijana wanaandika riwaya nzima za msiba bila kulitumia neno hili hata mara moja.

Sasa jibu lako. "Alihisi upweke" si kosa. "Hisi" limetoka Kiarabu, limezoeleka, na lina kitu cha kuhisiwa. Tumia ukikwama. "Upweke ulimshika" ni bora zaidi, na "ukiwa ulimwingia" ni bora kuliko vyote viwili. Lakini kwa mgane wako ningefuta sentensi yote na kuandika alichoanza kufanya au alichoacha: "Juma aliacha kupika. Alikula kwa mama ntilie, tena alikwenda saa ambazo wateja wameshaondoka." Hapo mwalimu wako hatasema sentensi imekufa.

Kuna mahali pawili nitakapoliachia "kujisikia". Muuguzi akimwuliza mgonjwa "unajisikiaje leo?", amwulize kwa amani, limeshakaa hospitalini na halitatoka. Na katika mazungumzo ya wahusika, kama Juma ni mtu wa kusema "najisikia vibaya", mwache aseme, maana watu wanasema. Msimulizi wako ndiye asiyeruhusiwa.