Ukienda Clonmacnoise, usikimbilie mnara

Mara ya kwanza nilipofika Clonmacnoise, magofu ya monasteri ya kale katikati ya Ayalandi, nilikaa dakika hamsini, nikapiga picha thelathini na ushee, kisha nikaketi juu ya ukuta wa mawe saa tatu nzima nikingojea basi lisilokuwepo. Nilikuwa nimekuja kwa teksi kutoka Athlone, kilomita 20 hivi, nikiamini kwamba mahali penye jina kubwa kiasi kile hapakosi usafiri wa kurudi. Mwezi wa tatu, na miguuni nimevaa raba nyeupe. Anayeijua Ayalandi ameshaanza kucheka.

Walioniokoa ni mzee mmoja na mkewe, waliokuja kuzuru kaburi la ndugu yao kwenye makaburi ya siku hizi yaliyo jirani. Ndani ya gari mzee akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia, mnara. "Na barabara je, umeiona?" Nikadhani ananiuliza habari za lami.

Baadaye nilihamia Tullamore, makao makuu ya kaunti ya Offaly, nikapata kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, na Clonmacnoise nimekwenda tena mara nisizozihesabu, maana kila Mbongo anayekuja kunitembelea anataka kupelekwa. Wengi hunijia na orodha mkononi: Clonmacnoise, Durrow, Rahan, Lemanaghan, Birr, zote kwa siku moja. Huwa nakataa. Ukitazama magofu ya sehemu tano kwa siku moja, jioni yote yamekuwa gofu moja kichwani. Chagua mawili, uyatazame sawasawa.

Sasa ile barabara. Mzee alikuwa akiulizia tuta. Barafu kubwa ya zama za kale ilipoyeyuka iliacha matuta marefu ya changarawe yanayokatiza katikati ya Ayalandi toka mashariki hadi magharibi. Wenyewe huyaita Eiscir Riada. Huku na huku ya matuta hayo ni kinamasi cha mboji, ardhi laini inayoweza kummeza ng'ombe. Mtu wa zamani aliyetaka kuvuka nchi bila kuzama alipita juu ya tuta. Na mto Shannon, mrefu kuliko yote kisiwani, unateremka toka kaskazini kwenda kusini. Tuta na mto vinapokutana, hapo ndipo mtawa Ciarán, mtoto wa fundi seremala, alipojenga kanisa lake karibu na mwaka 544.

Sisi tukisikia habari za watawa tunafikiria watu walioikimbia dunia wakajificha. Huyu alikwenda kukaa njia panda, stendi kabisa! Tauni ilimchukua kabla mwaka haujaisha, akiwa na miaka kama 33, lakini mahali alipokwisha kupachagua palijiendesha. Pakawa kama mji: wanafunzi, wanakili wa vitabu, wafua vyuma, wachonga mawe, wafugaji. Chini ya maji ya Shannon wapiga mbizi walikuta mabaki ya daraja la mwaloni, na miti yake ilipopimwa ikaonekana ilikatwa karibu na mwaka 804. Hakuna anayejengea kijiji cha wakimya daraja la namna hiyo.

Kwa hiyo ukishakata tiketi, wenzio wakielekea mnarani waache. Teremka kwanza upande wa mto, utulie dakika kumi, utafute tuta kwa macho. Halafu rudi ndani kwenye jengo la wageni, kwa sababu misalaba mikubwa mitatu ya asili imehifadhiwa humo. Ile iliyosimama nje ni nakala, na nimewaona watu wakiigusa kwa unyenyekevu mwingi kabla hawajasoma kibao.

Mmoja kati ya hiyo mitatu huitwa Msalaba wa Maandiko. Una kimo cha mita 4 hivi, jiwe moja, limechongwa pande zote visa vya Biblia. Chini kabisa upande wa mashariki kuna watu wawili wameshikilia nguzo kati yao. Mapokeo husema ni Ciarán na Diarmait, aliyekuja kuwa mfalme, wakisimika nguzo ya kwanza ya kanisa. Nami namwamini mchongaji, mikono yao imeshika mti kama watu wanaojua uzito wa mti.

Ukitoka na kitu kimoja tu humo ndani, kiwe hiki: jifunze kusoma OR DO. Clonmacnoise ina mawe ya makaburi ya kale zaidi ya 700, mazima na vipande. Mengi ni bamba bapa lenye msalaba uliochorwa kwa mistari, na pembeni herufi chache: OR DO, kisha jina. OR ni kifupi cha neno la Kiayalandi cha kale lenye maana ya sala, na DO ni "kwa". Mwombee fulani. Hakuna tarehe, hakuna cheo, hakuna "tutakukumbuka daima". Mimi ni mtu wa Bagamoyo, nimekua nikicheza kwenye magofu ya Kaole bila kujua makaburi yale ni ya nani, na siku nilipoweza kusoma jiwe la kwanza mwenyewe, kidole kikifuata mstari juu ya kioo, nilijionea aibu kidogo kwa ajili ya Kaole. Hata ule msalaba mkubwa una OR DO zake, kwa mfalme Flann na kwa Colmán, abati aliyejenga naye kanisa kuu mwaka 909.

Kanisa kuu hilo lina mlango wa kaskazini wa karne ya 15, wenye mitaro mirefu iliyochongwa ikipanda upande mmoja na kushuka wa pili. Ukinong'ona ndani ya mtaro, aliye upande wa pili anakusikia kana kwamba umemwekea mdomo sikioni. Husimuliwa kwamba wakoma waliungamia hapo, padri akiwa mbali nao. Nilimweka mwanangu wa miaka tisa upande wa pili nikanong'ona, "Nani amekula sambusa za safari?" Akajibu kwa mtaro uleule, "Si mimi." Ushahidi ulikuwa shavuni.

Mnara nao utazame, sawa. Ulikamilika mwaka 1124, radi ikaukata kichwa mwaka 1135, na mlango wake uko juu kuliko kimo cha mtu. Ulikuwa mnara wa kengele. Basi.

Ila usiondoke bila kutoka nje ya uzio kwenda kwenye Kanisa la Watawa wa Kike. Ni mwendo mfupi kwa miguu, na tisa kati ya kumi hawafiki. Lilikamilishwa mwaka 1167 na Derbforgaill, mke wa mfalme Ua Ruairc, mwanamke aliyechukuliwa na mfalme wa Leinster mwaka 1152. Mfalme huyo baadaye alifukuzwa nchini, akaenda kutafuta msaada ng'ambo, na ndivyo Wanormani, watawala wa Uingereza wakati huo, walivyoingia Ayalandi. Lawama akabebeshwa mwanamke, mamia ya miaka. Wanaume walikuwa na majeshi, yeye alikuwa na mafundi, na matao yake mawili yanasimama: vichwa vya wanyama vimepangwa mfululizo kwenye upinde wa mlango, vyote vinauma ukanda wa jiwe wa mviringo. Kaa hapo. Mara nyingi utakuwa peke yako.

Kama una siku ya pili, ichukue Durrow, kaskazini kidogo ya Tullamore. Ilianzishwa na mtawa Colm Cille katika karne ya 6. Msalaba wake wa karne ya 9 umeingizwa ndani ya kanisa, na nje utaona majani tu, miti mikubwa na ukimya. Bila hadithi hapana kitu. Na hadithi zipo. Mwaka 1186 Hugh de Lacy, bwana mkubwa wa Kinormani, alikuwa akikagua ngome aliyokuwa akiijenga papo hapo kwenye ardhi ya watawa. Kijana mmoja akachomoa shoka akamtenganisha na kichwa chake.

Lakini ninayoipenda mimi ni ya kitabu. Durrow ndiyo iliyokipa jina kitabu cha Injili chenye michoro, cha karibu na mwaka 700, ambacho sasa kiko Trinity College, Dublin. Katika karne ya 17, baada ya monasteri kuvunjwa, mtaalamu mmoja aliyekiona aliandika kwamba mwenyeji aliyekuwa nacho alikimwagia maji, kisha akawanywesha ng'ombe wagonjwa maji yale. Yeye aliona ni ujinga. Wageni wa Kizungu ninaowasimulia hushika kichwa. Mtu wa Pwani haulizi hata swali: ni kombe. Bibi yangu alimwandikisha shehe aya kwa zafarani kwenye sahani, akaiosha, tukanywa. Sisemi kitabu kile kilistahili kuloweshwa. Nasema yule mkulima alikuwa na mantiki yake, na ni heri kidogo kufika Durrow ukiwa unamwelewa.

Wala usije na picha ya watawa wapole tu. Mwaka 764 watu wa monasteri ya Clonmacnoise walipigana vita na watu wa monasteri ya Durrow, na tarihi zao wenyewe zinasema waliokufa upande wa Durrow ni 200. Hii ni kaunti ileile ambayo mjini Birr, mwaka 697, abati Adomnán alikusanya wafalme na maaskofu wakaapa kuwalinda wanawake, watoto na makasisi wakati wa vita. Miaka 67 tu ilikuwa imepita. Birr nakupitisha haraka kwa sababu hakuna kikubwa cha kutazama cha wakati huo. Rahan nayo nzuri, ina dirisha la duara la karne ya 12 lililochongwa kwa ustadi, ipitie kama iko njiani.

Lemanaghan iweke mwisho, jioni. Hakuna tiketi wala duka la kahawa. Ni mahali pa mtawa Manchán, aliyekufa kwa tauni ya mwaka 664. Kasha la masalia yake, la mti wa myuu na shaba nyeusi yenye nakshi, liliwekwa kanisani Boher, kilomita chache tu. Mwaka 2012 liliibwa, likapatikana. Bibi mmoja kazini kwetu, mwenyeji wa upande huo, aliniambia utotoni kwao maziwa hayakuuzwa. Ng'ombe wa Manchán aliwapa watu wote maziwa bure, kwa hiyo kuyauza ilikuwa mwiko. Ukija na jagi, unajaziwa, unakwenda zako.

Vaa gambuti. Toka kanisani kuna njia ya mawe inayopita kisimani na kuishia kwenye kijumba cha Mella, mama yake Manchán, na pande zote ardhi inalia ukiikanyaga. Wenyeji husimulia kwamba mtawa yule alikuwa ameapa kutozungumza na mwanamke yeyote, na mama yake pia alihesabika. Basi kila siku walikutana kwenye jiwe bapa, wakaketi kupeana migongo, kimya, kisha kila mmoja akarudi kwake.