Kwa wasanifu majengo wanaoanza kazi: mwangalieni Tong Jun na wenzake

Vijana wanaotoka chuoni huniuliza zaidi programu ya kuchorea kuliko watu wa kufanya nao kazi, ilhali hilo la pili ndilo linaloamua mengi. Kwa sababu hiyo huwaelekeza kwa Tong Jun, msanifu wa Kichina aliyezaliwa Shenyang mwaka 1900 na kusomea fani hii katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walikosoma pia Yang Tingbao, Liang Sicheng, Chen Zhi na Zhao Shen.

Waliporejea nyumbani hawakutupana. Liang alianzisha idara ya usanifu huko Shenyang mwaka 1928 pamoja na mkewe Lin Huiyin, ambaye kule Pennsylvania alinyimwa nafasi katika idara ya usanifu kwa kuwa ni mwanamke, akajiandikisha sanaa. Tong naye alifundisha hapo hadi Wajapani walipouteka mji Septemba 1931, kisha akahamia Shanghai na kuungana na Zhao na Chen katika ofisi ya ubia ya Huagai. Wanafunzi waliokimbilia huko hakuwaacha, aliendelea kuwafundisha.

Watatu hao walikubaliana kuachana na mapaa makubwa yaliyopinda ya majumba ya kifalme, wakati ambapo serikali iliyapenda sana. Itazameni picha ya Wizara ya Mambo ya Nje waliyoijenga Nanjing katikati ya miaka ya 1930: paa ni bapa, na chini ya ukingo wake mna vikono vilivyorahisishwa, vinavyokumbusha vile vya mbao vilivyobeba mapaa ya mahekalu ya kale. Mimi naamini makubaliano ya namna hiyo huilinda ofisi kuliko mkataba wa kugawana faida, kwa sababu mteja akishinikiza, washirika wote hujibu kwa kauli moja.

Jambo la pili la kujifunza kwa Tong ni gumu zaidi. Katika siku za mapumziko Tong alizunguka peke yake katika bustani za kale za Suzhou na miji jirani, akizipima kwa hatua za miguu na kuzichora. Kitabu chake kuhusu bustani hizo kilikamilika mwaka 1937, vita vikakizuia, kikatoka mwaka 1963.

Nanyi chagueni nyumba kongwe moja ya mtaani kwenu. Kwanza pimeni urefu wa hatua yenu kwa tepu, kisha ombeni ruhusa, hesabuni hatua za ua na kila chumba, na mchore ramani papo hapo, kabla ya kupiga picha yoyote.