Mliuliza kuhusu anga: Voyager, Jua na mawe yanayotujia

Nilisikia Voyager 1 iliharibika kisha ikapona. Nani alikwenda kuitengeneza?

Hakuna aliyekwenda, wala hakuna awezaye kwenda. Voyager 1 iliondoka duniani mwaka 1977, na hakuna chombo chetu kingine kilichofika mbali kama hicho. Novemba 2023 kilianza kuleta taarifa zisizosomeka. Wahandisi wa NASA walikuja kubaini kwamba chipu moja ya kumbukumbu kwenye kompyuta yake imekufa, na sehemu ya programu iliyohifadhiwa humo haitumiki tena. Hapakuwa na nafasi moja ya kuihamishia yote. Wakaikata vipande, wakavipachika huku na huko palipobaki pazima, kisha wakaiunganisha upya ili vipande viitane bila kupotezana. Amri yao ilisafiri takribani saa 22 na nusu kukifikia chombo, na jibu likachukua muda uleule kurudi. Tarehe 20 Aprili 2024 likafika, likasomeka. Katika yote yaliyofanyika angani miaka hii, mimi hili ndilo naliweka mbele, na halikuhitaji roketi mpya hata moja.

Jiwe kubwa likija kutugonga, tunaweza kulisukuma?

Moja tumeshalisukuma. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo kiitwacho DART, kikienda zaidi ya kilomita 6 kwa sekunde, kiliigonga kwa makusudi Dimorphos, asteroidi yenye upana wa mita 160 hivi inayoizunguka nyingine kubwa, Didymos. Haikuwa ikitujia, lilikuwa jaribio. Mzunguko wake uliokuwa wa saa 11 na dakika 55 ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya msukumo haikutoka kwenye chombo chenyewe bali kwenye vifusi vilivyoruka kutoka pale kilipogonga. Msukumo wa namna hii ni mdogo, hivyo unafaa ukianza miaka mingi kabla. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye darubini za kuyatafuta mawe haya mapema.

Chombo cha Parker kiligusa Jua. Mbona hakikuyeyuka?

Hakikugusa uso wake. Tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka hapo, ndani ya korona, yaani tabaka la nje la gesi linalolizunguka Jua. Korona ina joto la nyuzi milioni na zaidi, lakini chembe zake ni chache mno, hivyo hazikipashi chombo joto kubwa. Miale ya Jua inapokelewa na ngao ya kaboni yenye unene wa sentimita 11 hivi, na vifaa vinakaa kivulini mwake.

China ilifuata nini nyuma ya Mwezi?

Mawe ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Upande ule hautugeukii kamwe, mawimbi ya redio hayafiki moja kwa moja, ikabidi itumike setilaiti ya kupokezana mawasiliano. Juni 2024 chombo chake, Chang'e-6, kilileta gramu 1,935. Upande tunaouona umetandazwa lava nyingi, ule mwingine kidogo tu, na sababu yake bado inabishaniwa. Sasa wabishanao wana mawe ya kupima.