Jibu: Vitafunwa na mapambo ya Desemba 9

Dada, umeuliza upike nini siku ya Uhuru ili watoto waone rangi za bendera ya Tanzania bila kumaliza mfuko. Hapa Mtwara mimi hupika kashata za nazi. Za korosho ni tamu zaidi, ila sukari yake hugeuka kahawia na rangi haionekani. Shira iepue ikiwa bado nyeupe, ugawe mafungu matatu: kijani, njano, buluu. Nyeusi usitie rangi. Mwaka jana tulishinda na midomo kama tumelamba masizi! Panga tende tu.

Mapambo, omba vipande vinavyobaki kwa fundi cherehani, vishone kwenye uzi. Mkichora bendera, kijani juu upande wa mlingoti, buluu chini. Mkanda mweusi wenye kingo za njano unapanda kutoka chini mlingotini. Wengi hugeuza.